Kilo zimetimia, lita hazikai: kutafuta kosa unapopima mafuta, asali, maziwa na petroli

Binti mmoja anayeuza mafuta ya kula Igoma alinifuata dukani asubuhi, hata kabla sijafagia.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Mbona mapema?"

"Nimelipia kilo arobaini za alizeti, madumu mawili. Nimepimia wateja mpaka yakaisha, nikahesabu lita arobaini na nne na robo. Nimemwibia mwenye ghala, au yeye ndiye kakosea?"

Niliwahi kufundisha fizikia, sasa nauza mafuta kwa jumla hapa Mwanza, na watu bado wananiita mwalimu. Malalamiko ninayoletewa ni yaleyale, yanabadilika kimiminika tu. Nimeyapanga hapa kwa dalili. Chini ya kila dalili sababu inayotokea sana inatangulia, ile ya nadra inakuja mwisho.

Kwanza tukubaliane jambo moja. Densiti ni kilo ngapi zinakaa ndani ya lita moja ya kitu. Ukiwa na lita, zidisha kwa densiti upate kilo. Ukiwa na kilo, gawanya kwa densiti upate lita. (Darasani ningesema tungamo badala ya uzito. Sokoni kila mtu anasema uzito, nami nafuata soko.) Namba za kushika, kwa kilo katika kila lita na kwa joto la kawaida:

- Maji: 1.00
- Mafuta ya alizeti na ya pamba: 0.92
- Maziwa ya ng'ombe: 1.03
- Asali: 1.40 hadi 1.43
- Petroli: 0.72 hadi 0.78
- Mafuta ya taa: 0.78 hadi 0.82
- Dizeli: 0.82 hadi 0.86
- Spiriti safi: 0.79

Maji ya ziwa letu, Victoria, ni maji baridi, yaani hayana chumvi ya kuhesabika, kwa hiyo nayo ni 1.00. Ya bahari ni 1.025 hivi. Ndiyo maana mtu aliyezoea kuogelea Dar es Salaam akija Capripoint analalamika kwamba maji ya huku hayambebi. Hajakosea.

Dalili ya 1: "Nimenunua kwa kilo, nimeuza kwa lita, hesabu imekataa"

Sababu ya kwanza, na ndiyo inayoleta watu wengi, ni kudhani kilo ni lita. Kwa maji ni kweli, kwa mafuta si kweli. Lita 20 za alizeti ni 20 × 0.92, yaani kilo 18.4. Kilo 20 za alizeti ni 20 ÷ 0.92, yaani lita 21.7. Asali inakwenda kinyume: ndoo ya lita 20 ina kilo 28 na ushee. Anayenunua asali kwa kilo na kuiuza kwa lita kwa bei ileile anagawa bure karibu theluthi moja ya mzigo wake, halafu anamlaumu mganga wa jirani.

Ya pili ni uzito wa dumu. Dumu tupu la lita 20 ninalotumia lina gramu 950, na mengine yanapita kilo moja. Ukipimiwa dumu na mafuta yake bila kutoa uzito wa dumu, unalipia plastiki kwa bei ya alizeti. Pima dumu tupu, andika uzito ubavuni kwa kalamu isiyofutika, usirudie tena swali hilo.

Ya tatu ni dumu lenyewe. "Lita 20" iliyoandikwa kwenye plastiki ni jina tu. Likijazwa hadi mdomoni linapita lita 21, na likibonyea linapungua. Weka dumu kwenye mizani, rudisha sifuri, jaza maji hadi pale unapojazaga mafuta, kisha soma kilo. Kilo hizo za maji ndizo lita za dumu lako. Hakuna njia rahisi kuliko hiyo, na haihitaji chombo chochote cha maabara.

Ya nne, ambayo watu hawapendi kuisikia, ni jagi au kopo la kupimia wateja. Lipime kwa maji vilevile. La binti wa Igoma lilijaa hadi mstari wa lita kwa gramu 980. Kwa hiyo lita zake 44.25 zilikuwa 43.4 za kweli, na 43.4 × 0.92 ni kilo 39.9. Gramu mia zilizobaki zilikuwa zimeganda kwenye kuta za madumu. Mwenye ghala alikuwa amempimia haki kabisa. Waliopunjwa ni wateja wake, mililita 20 kila lita, na yeye hakujua. Alinyamaza, akauliza majagi mazuri yanauzwa wapi.

Ya mwisho ni joto. Mafuta yaliyoanikwa juani yanatanuka. Alizeti inapoteza karibu 0.0007 ya densiti kwa kila nyuzi moja, kwa hiyo dumu lililopanda nyuzi 10 linaonyesha kama mililita 150 za ziada ambazo jioni hazipo. Kilo hazibadiliki. Ndiyo maana mimi nanunua kwa kilo, na nikilazimika kununua kwa lita nanunua asubuhi.

Mawese yana kasheshe yake: asubuhi ya baridi yanaganda nusunusu na kushika hewa ndani. Yayeyushe taratibu yote yawe maji kabla hujapima lita. Ukipima kilo, haina shida.

Dalili ya 2: "Kila nikipima densiti napata namba nyingine"

Kabla ya kutafuta kosa, hakikisha unapima kwa njia inayovumilia makosa. Mimi natumia chupa ya kioo ya soda. Ya plastiki inabonyea ukiishika, na ujazo unabadilika mkononi mwako. Hii hapa ilivyokwenda wiki iliyopita, kwa mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja:

Chupa tupu, kavu: gramu 298. Nikajaza maji ya kunywa hadi juu kabisa, nikateleza kadi ya vocha mdomoni ili maji yaliyotuna yaondoke, nikafuta nje: gramu 663. Maji peke yake ni 365. Nikamwaga, nikakausha, nikajaza alizeti hadi palepale: gramu 634, mafuta peke yake 336. Kisha 336 ÷ 365 ni 0.92.

Uzuri wake ni kwamba hukuhitaji kujua chupa ni mililita ngapi. Ujazo ni uleule mara zote mbili, kwa hiyo unajifuta wenyewe. Kwa joto la mchana wa huku, nyuzi 28 hivi, maji yenyewe ni 0.996, hivyo ukitaka densiti kamili zidisha jibu kwa 0.996. Kwa biashara ya mafuta acha tu.

Ikiwa bado namba zinacheza, angalia kwa mpangilio huu.

Viputo vya hewa. Hivi ndivyo vinavyoharibu vipimo kuliko kitu kingine, hasa kwenye asali na mafuta yaliyomiminwa kwa haraka kutoka juu. Kiputo kina ujazo lakini hakina uzito wa maana, kwa hiyo densiti inashuka. Mimina ukiinamisha chupa, acha itulie. Mafuta robo saa yanatosha. Asali acha usiku kucha.

Chupa haijakauka. Matone machache ya maji uliyopima mwanzo yanabaki chini, na kwenye mafuta huyaoni mpaka uinue chupa dhidi ya mwanga. Kwa sababu hii kausha chupa kabisa kabla ya kumimina mafuta, na chupa ya asali ioshwe kwa maji ya moto.

Mstari umesomwa vibaya. Kwenye silinda ya kupimia uso wa maji unajikunja kama bakuli. Soma chini ya mkunjo, jicho likiwa usawa wa mstari, na silinda ikae mezani. Wanafunzi wa kidato cha kwanza wanaishika mkononi na kuisoma wakiwa wamesimama. Niliwasahihisha miaka mingi, na wengine sasa ni mafundi wa pampu.

Mizani inasukumwa na upepo, au meza imeinama. Zima feni. Niliwahi kupoteza nusu saa nikimshuku muuza asali asiye na kosa, kumbe feni ya dari.

Mizani ni kubwa kuliko kazi. Mizani ya kuning'iniza wanayopimia dagaa soko la Mwaloni inasoma kwa hatua za gramu 10 au zaidi. Kwenye nusu kilo hizo ni asilimia 2, na tofauti kati ya asali nzuri na ya majimaji inazunguka hapohapo. Mizani hiyo ni ya haki kwa gunia, haiwezi kuhukumu chupa.

Na kwa mwanafunzi: jibu likitoka 1.09 kwa alizeti, umegawanya kichwa chini. Likitoka 920, huna kosa, umeandika kwa kilo kwa mita ya ujazo. Gawanya kwa 1000.

Dalili ya 3: "Asali imesoma chini ya 1.40"

Usimwite mtu mwizi bado. Kwanza povu. Asali iliyokamuliwa jana na kuchujwa kwa haraka imejaa hewa. Ipashe chupa kwenye maji ya vuguvugu, iache usiku, toa povu la juu, pima tena. Nusu ya kesi zangu zinaishia hapa.

Pili joto. Asali ikiwa bado ya moto densiti inashuka. Asali na maji viwe na joto moja, vikae chumba kimoja saa kadhaa.

Tatu, asali haikuiva. Mrinaji ametoa masega kabla nyuki hawajayafunika kwa nta, na maji bado ni mengi. Kipimo cha kimataifa kinataka maji yasizidi asilimia 20, na kwenye kiwango hicho densiti ni kama 1.40. Asali ya asilimia 17 iko karibu na 1.42. Ikisoma 1.38 baada ya kutulia, itachacha: utaona povu linarudi kila siku na harufu ya pombe. Usiifunge kwenye chupa ya kioo ukaisahau, inaweza kupasuka.

Nne ndiyo maji ya kuongezwa kwa makusudi.

Hapa densiti inafika mwisho wa uwezo wake. Shira ya sukari ikichemshwa vizuri inafika densiti ya asali. Asali iliyosoma 1.42 inaweza kuwa ya Tabora halisi, au sukari ya dukani yenye rangi nzuri. Anayekuambia kwamba asali ikizama kwenye glasi ya maji ni asilia anakuonyesha tu kwamba ni nzito kuliko maji. Shira nayo inazama. Ukiwa na mzigo wa ndoo nyingi na shaka kubwa, acha chupa yako ya soda, peleka sampuli maabara ya Shirika la Viwango.

Dalili ya 4: "Laktomita inakataa maziwa"

Kwenye laktomita, kile kipimo cha kioo kinachoelea ndani ya maziwa, maziwa mazima yanasoma 28 hadi 32, maana yake 1.028 hadi 1.032. Yakisoma chini, anza na joto: tazama shingoni mwa laktomita imeandikwa itumike nyuzi ngapi. Ikiwa ni 20 na maziwa yako ni 28, ongeza 0.2 kwa kila nyuzi iliyozidi. Maziwa yaliyosoma 27 kumbe ni 28.6, yaani hayana neno. Kisha uliza yamekamuliwa saa ngapi. Ya moto kutoka kwenye chuchu yana hewa na yanasoma chini, yaache yatulie saa kadhaa. Laktomita isiguse kuta za chombo.

Yakibaki chini, huenda maji yameongezwa. Mchanganyiko wenye sehemu moja ya maji katika kumi unashusha 1.030 hadi 1.027. Ila kuna mjanja anayeengua mafuta kwanza, densiti inapanda, halafu anarudisha kwa maji mpaka laktomita iseme 30. Huyo laktomita haimkamati. Na haisemi lolote kuhusu vijidudu, hivyo chemsha hata kama namba ni nzuri.

Dalili ya 5: "Petroli ya boti haieleweki"

SOMA KWANZA: hakuna kupima petroli ndani ya nyumba, karibu na jiko, sigara, jenereta au karabai inayowaka. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini mpaka unapokutana na moto. Mizani ya umeme na simu viwe mbali. Kama hapo mwaloni hakuna sehemu wazi isiyo na moto, usipime.

Malalamiko ya wavuvi ni mawili. La kwanza, mashine inakata ikishafika katikati ya ziwa. Mara nyingi ni maji ndani ya mafuta: mvua, dumu lililooshwa halikukauka, au umande wa usiku kwenye tenki lililobaki nusu. Petroli ni 0.74 hivi na maji ni 1.00, kwa hiyo maji yanakwenda chini kabisa, palepale mrija unaponyonya. Chukua kidogo kutoka chini ya tenki kwenye chupa safi ya kioo, iache dakika kumi. Mstari chini, au matone yanayoviringika kama shanga, ni maji. Toa ya chini, safisha chujio. Kama mashine bado inakata, ni kazi ya fundi mashine. Usiifungue mkiwa majini.

Watu wanataka kutumia densiti kugundua petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Ikisoma 0.79, shaka ni halali. Lakini petroli nzito na mchanganyiko mwepesi vinaweza kusoma 0.77 vyote viwili, kwa hiyo namba nzuri haimsafishi mtu. Malalamiko yapelekwe EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, na stakabadhi yako ikiwa mkononi.

Upande wa pili ni wa hatari zaidi. Mafuta ya taa yanayonuka petroli, au yaliyosoma chini ya 0.77, yasiingie kwenye karabai, kibatari wala jiko. Petroli kidogo ndani yake inatosha kuwaka kwa mlipuko. Usiyajaribu kwa kiberiti kuona yanawakaje. Rudisha yalikotoka.

Lalamiko la pili la wavuvi: "Nilijaza dumu asubuhi, mchana linavuja kifunikoni." Petroli inatanuka karibu asilimia 1 kwa kila nyuzi 10. Lita 20 zikipanda nyuzi 12 zinaongeza kama robo lita. Acha nafasi juu.

Dalili ya 6: "Nusu lita na nusu lita, haijafika lita"

Hii ni ya wanaochanganya spiriti na maji kutengeneza dawa ya mikono. Mililita 500 za spiriti safi na 500 za maji zinatoa kama 965. Hakuna kilichovuja. Chembe za vimiminika hivi viwili zinaingiliana na kukaa karibu zaidi, kama mchele unavyojaza mianya ya debe la maharage. Kilo zinajumlika daima, lita hazijumliki daima. Pima kwa uzito, na mbali na moto.

Dalili ya 7: "Kila kitu nilichopima kimekosea upande mmoja"

Maji yanasoma 0.97, alizeti 0.89, asali 1.37: vyote vimeshuka kwa kiwango kimoja. Hapo kosa liko kwenye mizani, au kwenye ujazo uliouandika. Badilisha betri kwanza, mizani ya dijitali yenye betri dhaifu inasema uongo kwa ujasiri. Kisha weka jiwe la mizani la kilo moja lenye muhuri, uliloazima kwa jirani. Likisoma gramu 970, umemkamata mhusika.

Mizani ya jikoni unaweza kuitupa. Mizani ya biashara ni habari nyingine. Ile inakaguliwa na Wakala wa Vipimo kila mwaka na kuwekwa stika na lakiri. Usifungue skrubu hata moja, hata kama unaona kasoro kwa macho, hata kama kijana wa simu jirani anasema ni dakika mbili. Lakiri ikikatika, wewe ndiye mwenye kesi. Acha kupimia wateja siku hiyo, funika mizani kwa kitambaa, waite wakala au fundi mwenye leseni yao.

Binti wa Igoma alinunua jagi jipya Makoroboi mchana uleule. Akalileta tulipime kwa maji kabla hajalitumia. Lilisoma gramu 1,004, akaniuliza kama hizo nne anazigawa bure.